Rangi ya Makoti

Kila foleni ya watumwa watoro iliposogea, Keziah aliisukuma mikono yake ndani zaidi ya aproni. Rangi ilikuwa imekolea mpaka kwenye mizizi ya kucha, rangi ya kahawia inayotoka kwenye magome ya miti. Mtoni alikuwa ameisugua kwa mchanga hadi ngozi ikachubuka. Haikutoka. Ilikuwa rangi ya makoti ya waasi.

Tangu vita vianze, bwana wake, Tarrant, alikuwa amemsimamisha kwenye pipa linalofuka mvuke, atie rangi nguo za waasi hao wa jeshi la kusini. Jeshi lililokuwa likipigana ili yeye asiondoke kwenye pipa hilo! Na alizitia vizuri, hilo ndilo lililomkaa rohoni. Kila koti lililokauka kambani lilimvika mtu wa kuwapiga risasi askari hawa wa kaskazini, ambao sasa alikuwa amekuja kuwaomba hifadhi.

Tumbo lake lilikuwa limeshashuka. Alitaka kitu kimoja tu, mtoto azaliwe ndani ya kambi hii, mahali ambapo hakuna mtu wa kumwita mali yake.

Mbele yake alisimama Mjomba Isham. Si mjomba wa damu, lakini shamba zima la Tarrant lilimwita hivyo. Ndiye aliyembeba mgongoni kuvuka Mto Green, maji ya barafu yakimfika kifuani, huku akinung'unika kwamba amepakiwa watu wawili na hata punda angegoma.

Kapteni alikaa nje ya hema, nyuma ya meza. Akamuuliza Isham bwana wake ni nani na yuko upande gani.

"Tarrant, bwana. Yuko na waasi."

Aliwafanyia kazi gani? Isham akakunjua viganja vyake vilivyojaa malengelenge. Alikuwa amewachimbia mahandaki ya kuulinda mji wa Bowling Green.

"Kumbe fuko mwenyewe ndiye huyu," askari mmoja akasema. "Wenzetu watafia kwenye mashimo yako, mzee, nawe unakuja kula biskuti zetu."

Kapteni hakucheka. Alimwita mtu mwenye bunduki, akamwamuru ampeleke mzee nyuma ya magari ya farasi. Isham akageuka, akamngoja Keziah.

"Mmekuja pamoja?" kapteni akauliza.

"Simjui, bwana," Keziah akasema, kabla Isham hajafumbua kinywa.

Isham alimtazama kidogo, kisha akainama na kwenda zake. Afadhali angemtukana.

Zamu ya Keziah ilipofika, alisema bwana wake ni Prewitt. Prewitt alikuwa jirani, mwenye shamba la tumbaku ng'ambo ya uzio wa Tarrant. Barazani kwake ilipepea bendera ya kaskazini, na tangu vita vianze hakusalimiana tena na Tarrant.

"Ni mtu wenu kabisa, bwana. Waasi hawajapata kwake hata punje ya mahindi."

Uso wa kapteni ukalainika. Akaagiza Keziah apewe kigoda karibu na moto, biskuti na kikombe cha kahawa, kisha akamnong'oneza mpanda farasi mmoja, naye akatoka mbio. Keziah alikishika kikombe kwa aproni. Kahawa ilikuwa na sukari, lakini aliiacha ipoe. Masikio yake yote yalikuwa nyuma ya magari, yakingoja mlio wa bunduki.

Alasiri Isham akatokea, sepetu begani, blanketi jipya mgongoni, anatafuna nyama ya nguruwe. Keziah hakuweza kumtazama.

"Nisamehe, Mjomba."

"Hayo baadaye. Umewaambia nini?"

Alipomweleza, Isham aliacha kutafuna. Akamwambia kwa sauti ya chini kwamba wanaorudishwa ni watumwa wa marafiki wa jeshi, maana jeshi haliwanyang'anyi marafiki zake. Lakini aliyewafanyia waasi kazi ya vita, kwa sheria yao mpya, hana bwana tena.

"Mikono yako, mwanangu. Itoe."

Keziah alikwenda mezani akaitandaza mbele ya kapteni, kucha na viganja, aibu yake yote. Akasema ni wa Tarrant, akaeleza habari ya pipa na makoti, na kwamba mzee huyu ni shahidi wake.

"Asubuhi ulikuwa humjui," kapteni akasema. Askari wakacheka. "Tusibishane. Mwenyewe huyo anakuja, tutamuuliza."

Mpanda farasi alikuwa amerudi, na nyuma yake alikuja Prewitt juu ya farasi wake mwekundu. Kwa mara ya kwanza siku hiyo Keziah alivuta pumzi mpaka mwisho. Prewitt alimfahamu. Mara ngapi alikuwa amesimama pale kwenye uzio, akamwita kwa jina, akamuuliza pipa la leo ni la makoti mangapi! Tena alimchukia Tarrant. Neno moja la kweli kutoka kwake lingetosha, na lisingemgharimu kitu.

Akamwinulia ile mikono. "Mwambie, Bwana Prewitt. Mwambie mimi ni wa nani."

Prewitt aliitazama mikono kwa muda mrefu. Kisha akalitazama tumbo. Akamvulia kapteni kofia.

"Wangu," akasema. "Wote wawili."