Wimbo wa Mjane

Mara ya saba, Tupokigwe alisimama uani Chanika akauimba wimbo alioutunga mwenyewe. Kwa miaka minne, kwenye ukumbi wa Temeke, wimbo huo uliwainua watu vitini. Sasa mchezo wao wa jukwaani ulikuwa unageuzwa kuwa filamu, na yeye bado ndiye mjane anayeanua shati la marehemu mumewe kambani.

"Kata," mwongozaji alisema. "Dada, njoo ujione."

Kwenye skrini alimwona mwanamke aliyetoa macho, mishipa ya shingo imemsimama, anamwimbia mtu aliye mbali sana. Kamera ilikuwa hatua mbili tu kutoka usoni pake.

"Tupunguze sauti?" mwongozaji aliuliza.

"Hapana. Rudisha nyuma, kabla sijaanza kuimba."

Pale mwanzoni, mwanamke alikuwa amelikumbatia shati, kidole gumba kinapapasa kifungo kilicholegea. Tupokigwe hakukumbuka kukigusa. Alitazama tena.

"Wimbo tuutoe," alisema.

Mwongozaji alimtazama. "Dada, watu watakuja kwa ajili ya huo wimbo."

"Najua, mie ndiye niliyeutunga. Ukumbini, aliyekaa nyuma hakioni kifungo, ndiyo maana nikamwimbia. Hapa anakiona."

"Watauliza wimbo uko wapi."

"Waache waulize."

Alilianika shati upya, akalinyoosha mikono, akarudi kwenye alama aliyowekewa asimame. Fundi wa sauti alizima muziki. Kuku wa jirani wakasikika wakiparura.

"Mie niko tayari," alisema Tupokigwe. "Nawasubiri nyie."