Glasi Juu ya Injini

Gari kuukuu la Mwalimu Tatu lilikuwa linatoa moshi mweusi na kula mafuta kupita kiasi. Fundi Kitwana aliwasha injini, akaweka glasi ya maji juu yake, kisha akaanza kuzungusha skrubu ya kabureta kidogo kidogo, macho kwenye glasi.

"Siku hizi husikilizi tena, fundi?" Tatu alitania akiwa nyuma yake. Zamani Kitwana alikuwa akiinamisha sikio tu na kusema, "Huyu kashiba mafuta, anapaliwa."

Kitwana hakujibu. Tatu akarudia, kwa sauti ya darasani. Kimya. Maji yalikuwa bado yanatetemeka. Fundi akakaza skrubu tena. Tatu akaitazama ile glasi, kisha sikio la fundi.

Mwenye gereji akaita kutoka mlangoni, "Kitwana! We Kitwana, husikii?"

Tatu akageuka haraka. "Mwache bwana! Anasikiliza injini, unampigia kelele."

Mwenye gereji akaomba radhi, akaenda zake.

Moshi ukakatika. Maji yakatulia. Tatu akazunguka mpaka mbele ya fundi, akasubiri ainue uso, ndipo akasema, "Asante."

Kitwana alimtazama midomo. Kisha akamtazama machoni.