Siku Tisa za Silinda ya Tatu

"Usimwambie."

"Mtoto anamtaka baba yake, Chifu. Sauti tu. Dakika mbili."

"Ndiyo maana nakwambia usimwambie."

Kapteni alisukuma mlango wa chumba cha injini kwa kisigino ukafungika, ingawa kwa mngurumo ule hata mtu angechinjwa mle ndani asingesikika. Juu alikuwa bosi yeye. Huku chini bosi alikuwa fundi mkuu, ambaye meli nzima ilimwita Chifu, na habari yoyote ya mtu wa injini ilipita kwake kwanza.

Chifu hakuinua hata kichwa. Ncha ya bisibisi aliigandisha kwenye silinda ya tatu, mpini kautia sikioni, kama daktari anayepima kifua. Silinda ilikuwa na ufa. Bandari ilikuwa mbali siku tisa, spea hakuna, kote ni maji, na sikio lililojua ufa ule unataka nini lilikuwa moja tu melini. Lake.

"Hospitali wanasema hali si nzuri," kapteni akasema.

"Mimi daktari?"

"Na akifa hajamsikia?"

"Akimsikia ndiyo hafi?" Chifu akachomoa bisibisi sikioni. "Sikiliza, kapteni. Mtu akisikia mwanawe yuko kitandani, mikono inakuwa uji. Akikosea valvu moja, tunabaki baharini watu ishirini na wawili, tunaelea kama kopo. Hapo huyo mtoto katuzika wote."

"Kwa hiyo ndiyo sheria. Kwa yeyote wa huku chini."

"Yeyote anayeshika spana. Mpaka tufunge kamba bandarini. Akipiga tena mwambie baba yuko kazini."

Kapteni alifungua mdomo. "Hutaki hata nikwambie ni wa—"

"Najua ni wa nani. Nani asiyejua?"

Kapteni akaufunga mdomo. Akaitazama silinda, akamtazama Chifu, akaondoka.

Na kweli, nani asiyejua? Mtia mafuta, waliyemwita Mafuta, alikuwa na mtoto mgonjwa wa kifua. Meli nzima ilikuwa imechoka na kile kifua. Toka ufa uonekane, Chifu alipiga marufuku watu wa injini kupanda juu kwenye simu ya meli, na Mafuta peke yake ndiye aliyenung'unika. Chifu mwenyewe hakuwa amepiga nyumbani wiki ya tatu sasa. Naye si alikuwa na mtoto? Binti wa miaka kumi, mashavu kama maandazi, hajawahi hata kupiga chafya. Alimwacha amelala, hakumwamsha kumuaga. Je, yeye alilialia kama Mafuta?

Basi kila siku alasiri kapteni akawa anashuka.

"Amepiga."

"Baba yuko kazini."

"Nimemwambia. Kasema haya, atasubiri." Halafu, kabla hajapanda: "Silinda je?"

"Inashika."

Siku ya nne kapteni alisema mtoto anauliza kazi inaisha saa ngapi. Chifu akacheka mpaka akafuta macho kwa kitambaa cha grisi. "Watoto bwana. Mwambie ikiisha atasikia honi."

Kapteni hakucheka. "Silinda je?"

"Si nimekwambia inashika?"

Mafuta alikuwa pembeni na kopo lake la oili, anapiga mluzi. Chifu alimwangalia hivi, akasikia utamu fulani kifuani, utamu wa kujua kilichomo kwenye sufuria ya mwenzio kabla hajafunua. Piga mluzi tu, kaka, akasema moyoni. Siku hiyo akamwongezea zamu.

Siku ya sita kapteni alishuka bila kofia.

"Leo kapiga mama yake."

"Anasemaje?"

"Hakusema. Analia tu."

Chifu alikaza nati, akaijaribu kwa kidole, akaikaza tena. "Afadhali. Tumepumzika maswali."

Siku ya saba kapteni akasema wamezika. Akauliza silinda. Inashika.

Siku ya tisa asubuhi meli ikafunga kamba. Injini ikazimwa, na kimya kikaingia mle chumbani mpaka masikio yakauma. Chifu aliosha mikono kwa dizeli, taratibu, kidole kwa kidole. Alikuwa ameifikisha meli. Sasa kilibaki kijikazi kimoja, na hakutaka kapteni amfanyie.

Mafuta akashuka ngazi mbio, simu yake ya mkononi ingali sikioni. Nyuma yake kapteni, na simu ya meli.

"Mafuta, kata hiyo. Kaa chini."

Mafuta akakaa juu ya pipa. "Kuna nini, mzee?"

"Jikaze kiume. Mwanao hayupo. Kazikwa juzi. Mimi ndiye niliyesema usiambiwe, na kesho ningesema vilevile. Sasa lia, umalize, uje ufute sakafu."

Mafuta alimkodolea macho, kisha akamgeukia kapteni, kisha akaitazama simu yake.

"Mwanangu yupi, mzee? Mtandao umeshika, ndiye nilikuwa naongea naye hapa. Anataka mpira."

Chifu akageuka. "Kapteni. Mbona huyu wake mzima?"

Kapteni hakumtazama usoni. Aliushika ule mkono unaonuka dizeli, akaufungua, akaweka simu ya meli katikati ya kiganja.

"Mkeo huyo, yuko hewani," akasema. "Silinda imeshika, Chifu. Ahsante."

Akageuka, akapanda ngazi.