Makonge Yaliyorudi Nyumbani

Haya ninayosema ni ukweli mtupu. Nikitia chumvi hata ya ncha ya kidole, radi initafute, na hapa Kakamega mnajua radi haiulizi njia.

Mitchel alikuwa amechoka kabla jua halijatoka. Alipanda kilima cha nyuma ya Iguhu viatu vimelowa umande, kamera begani, miguu mitatu ya kuisimamishia kwapani. Miaka yote kule Shieywe alikuwa amepiga picha za harusi na matanga, hata akawa anaota majeneza. Sasa jarida moja la safari la Nairobi lilikuwa limemwambia: tuletee bonde moja, kutoka mahali pamoja, alfajiri tofauti. Zikitupendeza, utazunguka nchi mwaka mzima ukitupigia picha. La sivyo, ilikuwa ni kurudi kwa majeneza.

Akapiga ya kwanza. Bonde lilionekana vizuri, lakini mwanga ulikuwa umepooza kama uji wa jana.

Shamba la hapo chini lilikuwa la Mzee Makhanu, mstaafu wa kiwanda cha sukari, mtu mpole, mcheshi, ambaye hata mbwa wa watu walimwamkia. Alikuwa na ndama mmoja aliyempenda kuliko chai. Safu ya makonge ilimtenga na mama Roda, mjane aliyempangisha Mitchel chumba. Roda peke yake ndiye hakuchekea utani wa Makhanu. Kila msimu wa kupanda alisema siku moja ataleta sorveya apime mpaka.

Makhanu alipoona miguu mitatu imesimama kilimani, akapanda polepole.

"Unapima nini, msichana wangu?"

"Sipimi, kuka. Napiga picha."

"Ya nani?"

"Ya mashamba."

Makhanu akatazama bonde lote. "Hakuna bwana harusi, hakuna maiti. Picha ya nini?"

Mitchel akapiga mwayo. "Leo najaribu tu. Kazi yenyewe bado."

Mzee akashuka moja kwa moja hadi kwa Roda, akamuuliza mgeni wake ni nani. Roda alikuwa anapepeta maharagwe, hakuinua macho.

"Huyo? Anaangalianga mashamba. Ametumwa kutoka Nairobi."

Kesho yake Makhanu alitembea mgongo umepinda kama mundu. Watu wakasema ni baridi.

Kwa kweli baridi ilikuwepo. Ukungu ulishuka siku mbili, mzito hata ng'ombe mmoja akakamuliwa na jirani kwa makosa, na wote wawili wasitambue. Mitchel alikaa kilimani humo ndani, akisikia majogoo asiowaona, akijiuliza kama mamake hakusema kweli kwamba maiti angalau hutulia.

Asubuhi iliyofuata ukungu ukapasuka. Mwanga ukamwagika juu ya mahindi na majani chai, kila jani likawaka. Mitchel alipiga, akakaa juu ya jiwe. Hakutabasamu. Uso wenyewe ulikuwa umechoka.

Akazituma. Bosi wa jarida, madam Jepkoech, akapiga simu kabla ya chai ya saa nne.

"Ni nzuri sana, ndiyo maana nasikitika. Ulisema ni mahali pamoja. Hii ya mwisho ni shamba lingine, ama umeichezea kwa kompyuta. Hatufanyi kazi na waongo."

Simu ikakatika. Mitchel akaanza kukunja nguo zake. Hata kulia kulihitaji nguvu.

Roda aliomba azione. Akaiweka kompyuta magotini, akatazama ya kwanza, akatazama ya mwisho, akarudi ya kwanza.

"Jiwe ni lilelile," alisema. "Mti ni uleule. Lakini makonge yamerudi pale marehemu mume wangu aliyapanda."

"Senje, makonge hayatembei."

"Ya hapa hutembeanga. Ni vile tu huja upande wangu."

Akavaa gambuti zake, akatoa kamba ya ng'ombe ukutani, akavuka mpaka.

Basi, madam Jepkoech, kama sauti hii imekufikia huko Nairobi, msichana hakudanganya. Makhanu ndiye mimi, na mgongo huu haukupindwa na baridi. Haya Mitchel, sasa bonyeza umtumie. Na wewe Roda, usivute kamba hivyo. Ndama hajazoea upande wako.