Sauti ya Siku Moja

Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni. Tangu alfajiri manyunyu yalikuwa yakianguka, mepesi, yasiyolowanisha hata nguo zilizosahauliwa kambani.

Mtangazaji alisimama jikoni akipuliza mrija ndani ya glasi ya maji. Mapovu yalipanda, na kooni mwake ukatoka mngurumo wa kupanda na kushuka, kama mtu anayewasha pikipiki mbovu. Kisha akautoa mrija mdomoni, akavuta pumzi, akatamka sentensi yake. Maneno ya mwisho yalikwama. Akarudia.

"Unachemsha maji bila moto," dada yake alisema akiwa mlangoni. Mkononi alikuwa na gauni la rangi ya maziwa, limepigwa pasi.

Kwa miaka mingi mtangazaji alikuwa ametangaza mabasi katika stendi kuu. Wasafiri walidhani sauti ile ni ya kurekodiwa, maana hakuna binadamu anayeweza kusema basi limechelewa kwa utamu namna hiyo. Mhasibu wa kampuni moja ya mabasi aliipenda sauti kabla hajaiona sura, akaja kumchumbia. Kisha ukaonekana uvimbe, na baada ya uvimbe zikaanza dripu za dawa. Nywele zilianguka, hilo alilitarajia. Kilichomshtua ni asubuhi aliyofungua mdomo kumsalimu dada yake, ukatoka upepo. Daktari alieleza kwamba dawa zile huweza kulegeza mishipa ya fahamu inayoendesha koo. Huenda sauti ingerudi, huenda isirudi.

Alijifunza kuishi hivyo. Alimwita dada yake kwa kugonga kijiko kwenye kikombe. Dukani, muuzaji alimjibu naye kwa kunong'ona, kana kwamba wanapanga wizi, na siku za kwanza jambo hilo lilimchekesha.

Siku moja akampigia simu mchumba wake kazini, kumweleza lini anarudi hospitali. Mhasibu aliweka simu kwenye spika, wenzake wasikie.

"Msikilizeni mchumba wangu," alisema. "Bata mwenye mafua."

Kicheko kile alikisikia chote. Jioni yake mhasibu akaja kuchukua pete. Yeye alichumbia sauti, alisema, na sauti haipo tena. Sasa aoe nini?

Mtangazaji alipiga magoti, lakini hakuomba moyo wa kusamehe. Aliona aibu kumdanganya Mungu. Aliomba arudishiwe sauti yake siku moja tu, na siku hiyo yule bwana awe amesimama karibu, akisikia kila neno.

Aliyekuja kumpeleka hospitali ni baba wa mhasibu, dereva wa lori mstaafu, aliyefiwa na mkewe zamani. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, akaomba radhi kwa alichokifanya mwanawe. Injini za malori zilikuwa zimemla sikio moja, lakini katika watu wote ni yeye tu ambaye hakuwahi kumwuliza "unasemaje?" Kila mtangazaji alipotaka kusema neno, mzee alisogeza gari kando ya barabara, akazima injini, akainamisha sikio lake zuri. Safari fupi ya hospitali iliweza kumaliza asubuhi nzima.

"Mhasibu amenipigia tena," dada yake alisema sasa, akimfunga vifungo vya gauni mgongoni. "Anasema ukikanyaga kanisani leo umemharibia maisha. Watu watamcheka mpaka azeeke."

"Vizuri."

"Mdogo wangu, hebu niambie. Moyoni mwako kuna nini? Kisasi?"

"Kipo." Sauti, iliyorudi kidogo kidogo kwa mazoezi ya mrija, ilikuwa na mikwaruzo, lakini ilikuwa sauti. "Nimekipeleka kwa Mungu kila siku. Hakukichukua chote."

Dada yake alimfunga kilemba chepesi juu ya nywele zilizoanza kuota. Halafu akasema kwamba sentensi ile hata yeye ameshaikariri. Koo likigoma, atasimama amsemee. Mtangazaji akatikisa kichwa. Lazima mhasibu aisikie kutoka koo hili hili.

Walipofika, kanisa lilikuwa limejaa. Watu wakageuka wote kwa pamoja. Mtangazaji alipita katikati bila haraka, macho yake mbele, alikosimama mhasibu kwa suti nyeusi na ua jeupe kifuani, jasho likimtiririka, na kando yake baba yake. Alimkaribia mpaka akasikia pumzi zake.

"Nakuomba," mhasibu alinong'ona.

Alinong'ona, yeye. Mtangazaji akafurahi kuliko ilivyompasa mtu aliye kanisani.

Mchungaji akafungua kitabu. Akauliza kama yupo mwenye pingamizi juu ya ndoa hii, na kama yupo aseme sasa, au anyamaze siku zote.

Viti vililia kidogo, vikatulia. Dada mtu alifumba macho. Mtangazaji akamgeukia mhasibu, akamtazama, akangoja.

Mhasibu alifungua mdomo. Koo lilicheza, midomo ikatikisika, hakikutoka kitu.

Ndipo mzee akaushika mkono wa mtangazaji, akainamisha sikio lake zuri, na sauti ya stendi ikajaa kanisa mpaka viti vya nyuma:

"Mbele za Mungu na ninyi mashahidi wote, naahidi kuwa mke wako, katika afya na katika maradhi. Na huyu mwanao, nitamlea kama niliyemzaa mwenyewe."