Ngao ya Uwazi

Karatasi ya mia sita arobaini na moja iliingia kwenye skana kichwa chini. Mkuu wa masjala aliiona, akaiacha ipite.

"Mkuu, hiyo itatokea imepinduka," alisema karani wa kompyuta. Alikuwa mama mtu mzima, amebakiza miaka miwili astaafu, na bado alikuwa na ugonjwa wa kutaka kazi ionekane kazi.

"Wenye haja watapindua vichwa vyao."

"Na faili tuliite nini?"

"Liite Skani Arobaini na Saba. Sheria imesema tuchapishe kabla hatujaombwa. Haikusema wasome."

Ndani ya faili hilo, katikati ya ratiba za likizo na mihtasari ya vikao ambavyo hata waliohudhuria walisinzia, kulikuwa na orodha ya viwanja vya bondeni vitakavyopitiwa na mtaro mkuu wa maji machafu. Nyumba zilizomo zingebomolewa. Mwenye pingamizi alipewa siku kumi na nne tangu orodha ipande mtandaoni, na mwisho ni saa sita mchana. Asiyepinga amekubali.

Mkuu hakuisoma orodha yenyewe. Mwaka huo alikuwa amechapisha kurasa elfu tisa bila kusoma hata moja, na ukutani kwake ilining'inia ngao ya ofisi yenye uwazi kuliko zote. Waliompa walisifu zaidi mtambo wake: kumbukumbu ikishapanda, hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuishusha wala kuibadilisha, hata mkono wake mwenyewe.

Simu yake ilitetemeka mezani. Mama. Akailaza kifudifudi. Mama yake akipiga ni mgongo unauma au bati linavuja, na yote mawili yangeweza kungoja.

Siku ya tatu alikuja fundi cherehani, mwanamke wa makamo, sindano mbili zimechomekwa kwenye kola ya gauni.

"Naulizia kiwanja mia tatu na nane, bondeni," alisema. "Wamekuja watu wakapima uani, wakachora alama nyekundu ukutani, wakaondoka bila hata salamu. Nyumba inabomolewa au haibomolewi?"

"Kila kitu kiko mtandaoni, mama."

"Nimeingia. Nimeona picha yako umeshika ngao."

"Basi endelea kushuka chini."

"Kaka yangu, nimeshuka mpaka kidole kimechoka. Si uniangalizie tu hapo, dakika moja?"

"Nikikuangalizia wewe, kesho watakuja wote."

Fundi alimtazama kama anayetaka kuongeza neno, kisha akalimeza, akatoka.

"Wanataka watafuniwe, wao wameze tu," mkuu alimwambia karani. Watu wa bondeni aliwajua. Alizaliwa huko, akahama siku alipopata kazi, na tangu hapo aliwaona kama doa kwenye shati jeupe.

Siku ya kumi na nne, saa sita kasoro robo, fundi alirudi, macho mekundu, barua mkononi. Mkuu alimwonyesha benchi kwa kidole, akarudi kwenye chai yake. Aliinywa funda moja moja kama mgonjwa anywaye dawa, huku akiitazama saa ya ukutani. Mshale ulipopita juu, akafuta midomo na kumwita.

"Nimeipata," fundi alisema. "Ukurasa wa mia sita arobaini na moja. Nimeusoma kichwa chini mpaka shingo imekauka. Mia tatu na nane imo. Pingamizi hili hapa."

"Saa sita na dakika tano. Umechelewa."

"Nimekaa pale tangu saa sita haijafika. Umeniona."

"Kukaa ni kukaa, mama. Kuwasilisha ni kuwasilisha."

Alichukua muhuri, akaugonga juu kabisa ya barua: IMECHELEWA, IMEKATALIWA. Macho yake hayakushuka chini ya wino wake mwenyewe. Akamsogezea karani. Karani aliisoma yote, akafika kwenye sahihi, akasimama hapo.

"Mkuu, hebu soma kwanza hapa chini."

"Tangu lini tunasoma hapa? Pandisha."

"Mkuu, nakuomba."

"Au nawe ni mtu wa bondeni siku hizi? Pandisha nikaone mlo wa mchana."

Karani aliilaza barua kifudifudi kwenye skana. Taa ya kijani ikapita chini yake. Alibonyeza kitufe, na kwenye kioo ikatokea alama ndogo ya kufuli.

"Imepanda," alisema, bila kumtazama.

"Umeona, mama? Ofisi nyingine ungesubiri majibu mwezi mzima. Hapa dakika mbili, na dunia nzima inaona."

Fundi alikuwa akifunga mkoba wake. Hakulia, jambo lililomuudhi mkuu kidogo, maana alizoea walie.

"Basi nikampe habari mwenye nyumba," alisema. "Mimi pale ni mpangaji tu."

"Na yeye miguu yake ina nini, asije mwenyewe?"

"Mgongo. Na alinikataza nisimtaje jina, watu wasije wakasema amependelewa na mwanawe. Alisema anataka ahudumiwe kama watu wengine." Aliutupia macho ukuta. "Ile picha yako ya ngao ameitundika sebuleni."

Mezani, simu iliyolala kifudifudi ilianza kutetemeka.