Folda Iliyoanza na Nukta

Walifuta harusi ya tano, na kompyuta bado ikasema imejaa.

"Ai! Hii kitu imelogwa," Karanja akasema. Studio ya video pale Kimbo ni yake, na kwa benchi nyuma yake walikuwa wameketi maharusi wa Kamakis, wiki ya tatu sasa wakingoja video yao. Kompyuta ilikuwa inakataa kuimalizia. Nafasi hakuna.

Ephantus, fundi wa studio, hakuinua macho. Jana alikuwa ameandika kiprogramu chake mwenyewe, cha skrini nyeusi, hakina picha wala madoido, maandishi matupu. Ukikiita kinakupangia folda zote, kubwa juu, ndogo chini, kila moja na mstari wake wa nyota. Mstari mrefu ndio mlafi. Unabonyeza F, mstari unatoweka.

"Nimekifunza adabu," alikuwa amemwambia Waruguru akijipiga kifua. "Hakina pupa, na hakijihesabu chenyewe."

Waruguru kazi yake ilikuwa kufagia na kuchapisha picha. Shule aliiachia darasa la nane, lakini macho yake hayakuacha kusoma. Asubuhi yote alikuwa anaangalia mstari mmoja tu: ruracio, ile sherehe ya mahari ya dada yake Wangeci. Ndani yake mama yao anacheza, anaimba, anamcheka mpiga picha. Mama walimzika Januari. DVD waliyopewa ilishakwaruzika zamani. Picha zake walikuwa nazo, lakini sauti yake ilibaki hapo tu. Wangeci alikuwa njiani kutoka Thika na diski ya kuinakili.

"Inayofuata," Karanja akasema. "Hiyo ya ruracio."

"Boss, tafadhali. Wangeci ameshapita Juja."

"Sasa hawa niwaambie nini, Waruguru? Wangoje dada yako pia?"

Bibi harusi akaangalia viatu vyake.

"Boss, lakini hata..." Ephantus akaanza.

"Bonyeza!"

F. Mstari ukaenda. Waruguru alikuwa ameshika fagio kwa mikono miwili, kama mtu aliyeshikilia mlango.

Kompyuta: imejaa.

"Toka!" Karanja akamfokea Ephantus. "Nenda kwa duka la Muriithi uazime diski, hicho kidude chako kimetuaibisha."

Ephantus akapita karibu na Waruguru. "Usijali, nikirudi tutaongea," akanong'ona, akatoka mbio.

Waruguru hakulia. Alitazama. Mistari sita imeenda, na nambari ya nafasi pale chini haijasonga hata kidogo. Ukitoa viazi kwa gunia, gunia hulegea. Hili halikulegea.

"Boss, kuna kitu kimejificha. Hakiko kwa hii orodha."

Karanja akamkalisha kwa kiti cha fundi, akamwelekeza kwa kidole: fungua hapa, weka tiki hapa, ionyeshe vilivyofichwa. Ikatokea folda moja ya rangi hafifu, jina lake limeanza na nukta. Kwa ukubwa hakuna iliyoikaribia.

"Ndiyo hiyo! Virusi!"

"Niifungue tuone?"

"Ufungue virusi? Ndio visambae? Futa yote, wewe!"

Kompyuta ikamuuliza kama ana uhakika. Hii ikienda hairudi. Waruguru aliiangalia kwa chuki. Ilikuwa imekaa hapo ikishiba, na mama yake akafutwa bure. Akabonyeza ndiyo, kwa nguvu, mpaka mausi ikalia.

Nafasi ikafunguka, pana kama uwanja. Maharusi wakapiga makofi. "Kumbe fundi ni wewe!" Karanja akacheka, na video ya Kamakis ikaanza kujimalizia yenyewe.

Mlango ukasukumwa. Ephantus aliingia akihema, na nyuma yake Wangeci, aliyekutana naye steji ya matatu, diski yake mkononi.

"Waruguru, cheka sasa," Ephantus akasema. "Mwambie dada yako achomeke hapa. Mama yenu yuko. Kila tulichobonyezea F, kiprogramu changu kinakificha kwa folda yake kwanza, ili mtu akijuta arudishiwe."